Bango la mradi linasema miezi 15, huu mwaka wa tatu. Hivi wa kuulizwa ni nani?

#1 Mpangaji Mkongwe

Wakuu habari za Jumapili. Nina swali, anayejua anijibu bila matusi.

Mtaani kwetu (pembeni ya jiji, sitaji kwa sababu mwenye nyumba wangu nasikia yumo humu) kuna barabara ya kilomita 2 na pointi kidogo. Bango la mradi lilisimikwa pale kona ya duka la Mangi, limeandikwa mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, chanzo cha fedha, muda miezi 15. Siku linasimikwa mwanangu wa mwisho alikuwa anatambaa. Juzi kaniuliza "baba hapa pameandikwa nini", maana kaanza chekechea anasoma herufi.

Kilomita ya kwanza waliweka lami, ikapendeza, kodi za nyumba zikapanda wiki hiyo hiyo. Masika yakaja, lami ikaanza kubanduka kama ganda la chapati. Nimeokota kipande nikakiweka pembeni ya kiberiti kilicholala, unene sawasawa. Kiberiti wakuu! Kilomita iliyobaki ni kifusi, na kuna kalvati mbili zimekaa juu ya ardhi kama zinauzwa.

Nikaenda kwa mtendaji, kasema sio yake niende kwa diwani. Diwani kasema mradi ni wa wilaya. Wilaya wakasema wanasubiri fedha, nikamuulize mkandarasi. Kwa mkandarasi nimemkuta mlinzi tu, naye anadai mshahara wa miezi minne. Sasa kila nikijaza bodaboda yangu lita moja nakatwa hela ya barabara. Hiyo hela namdai nani?

#2 Pilipili Kichaa

Mdai mlinzi, ndo pekee anayepatikana 😂

#3 Konda Mstaafu

Mbona jibu unalo mkononi, hicho kipande cha kiberiti. Wameiba. Lami imeliwa, kokoto zimeliwa, nondo za kalvati zimeliwa. Nimefanya kazi kwenye daladala miaka 19 nimeona barabara inazinduliwa Januari na inazibwa viraka Novemba. Mengine yote humu ndani mtakayoleta ni maelezo ya kusindikiza wizi.

#4 Mhasibu Mtata

Mleta uzi kwanza tuweke hesabu sawa. Kwenye lita ya mafuta kuna tozo ya Mfuko wa Barabara, hiyo ipo miaka mingi, na ile shilingi 100 iliyoongezwa 2022 kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaani, zile za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Halafu road licence tuliyokuwa tunalipa kila mwaka ilifutwa ikahamishiwa humo humo kwenye mafuta. Kwa hiyo bodaboda wako anachangia mara tatu kwa lita moja, halafu anapita kwenye kifusi.

#5 Karani wa Bajeti

@Mhasibu Mtata marekebisho mawili. Ile mia ni bajeti ya 2021/22, ilianza Julai 2021 sio 2022. Na road licence ilifutwa 2017, wakaongeza shilingi 40 kwa lita, lakini ile 40 iliwekwa kwenye ushuru wa bidhaa. Ushuru wa bidhaa unaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, hauendi Mfuko wa Barabara. Inaweza kujenga barabara, inaweza kununua madawati, inaweza kulipa deni la nje, huwezi kuifuata. Watu wengi wanadhani kila senti ya kwenye mafuta ina jina la barabara, sio hivyo.

#6 Mhasibu Mtata

Nimekubali hiyo ya mwaka, asante. Lakini hiyo ya pili ndo imenipa hasira zaidi.

#7 Fundi Sanifu

Naomba nimtetee mtu nisiyemjua. Mkuu Mpangaji, hicho kipande chako cha unene wa kiberiti sio ushahidi wa wizi. Barabara nyingi za mitaa na hata barabara kuu kadhaa zimewekwa lami nyepesi ya tabaka mbili: wanamwaga lami ya moto au ya maji, wanatandaza kokoto, wanashindilia, wanarudia tena kwa kokoto ndogo. Mwisho wa siku unapata unene wa sentimita moja na nusu mpaka mbili na kidogo. Ndivyo ilivyosanifiwa. Lami nzito ya sentimita 5 ni kitu kingine na bei yake nyingine.

Hiyo ya juu ni kama koti la mvua tu. Nguvu ya barabara ipo chini, kwenye tabaka la msingi na udongo ulioshindiliwa. Kwa hiyo usinipimie kiberiti, niambie ulipobandua chini uliona nini. Kama ni vumbi jeupe laini lililobaki kwenye kidole, basi msingi haukufagiwa vizuri au haukupakwa ile lami nyepesi ya kwanza ya kunyonya, koti limekaa juu ya vumbi, halikushika. Kama ni tope, basi maji yameingia kutoka pembeni. Hayo ni makosa mawili tofauti, na wanaohusika ni watu wawili tofauti.

#8 Konda Mstaafu

Ndo hayo maelezo ya kusindikiza niliyosema.

#9 Dereva wa Semi

Fundi kasema vizuri ila kasahau sisi. Mimi naendesha horse na tela Dar Tunduma, nakiri bila kiboko: magari yanaua barabara. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inasema tani 56 uzito wote, na kwetu ilianza kukazwa 2019. Lakini barabara za mitaani hazina mizani. Hapo kwenu Mpangaji kama kuna machimbo ya mchanga au kiwanda cha matofali basi usitafute mchawi, tipa la mchanga mbichi likijaa mpaka juu linapita kwenye lami ya kiberiti usiku saa nane, asubuhi mnalaumu serikali.

#10 Fundi Sanifu

Na uharibifu haupandi polepole. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili uharibifu hauwi mara mbili, unakaribia mara 16. Kanuni hiyo ilitoka kwenye majaribio ya Marekani miaka ya 1950 mwishoni, na mpaka leo wasanifu wa barabara wanapiga hesabu zao wakiwa wanaikumbuka. Tipa moja lililozidisha ni sawa na maelfu ya magari madogo kama IST.

#11 Kijana wa Ubungo

Mnakumbuka 2013? Magufuli akiwa waziri wa ujenzi aliondoa ile nafuu ya kuzidisha uzito kwa asilimia 5 kwenye mizani, wenye malori wakagoma, foleni ikawa ndefu, mwisho Waziri Mkuu Pinda akairudisha ile nafuu. Waziri kasema A, Waziri Mkuu kasema B, barabara ikasema C.

#12 Dereva wa Semi

Nakumbuka nilikuwa kwenye mizani ya Mikese siku hizo. Tulikula mahindi ya kuchoma siku mbili. Ila tuwe wakweli, ile asilimia 5 ilikuwa ya kuvumilia mizani isiyolingana, mzani huu unakwambia uko sawa, unaofuata unakwambia umezidi, mzigo ni ule ule na haujafunguliwa. Tajiri anakupigia simu anakuuliza umeongeza mzigo njiani? Nimeongeza nini, usingizi?

#13 Pilipili Kichaa

Usingizi wa dereva wa semi unapimwa kwenye ekseli ya ngapi?

#14 Mkandarasi Daraja la Saba

Nimesoma kimya kimya nimeshindwa kuvumilia. Jina langu linajieleza, mimi ni mkandarasi mdogo, daraja la mwisho kabisa kwenye usajili. Nitawaambia bango linaandikwaje na kwanini halitimii.

Unashinda zabuni. Unaweka dhamana benki, dhamana yenyewe inataka hati ya nyumba. Unalipwa malipo ya awali, wakati mwingine yanachelewa lakini unaanza kwa sababu bango limeshasimikwa na mkuu ameshapiga picha. Unakodi greda kwa siku. Kumbuka greda halijui kama Hazina imechelewa, lenyewe linahesabu siku tu. Unafanya kazi ya mwezi, unaandaa hati ya madai, mhandisi anakuja anapima, anasaini, inapanda juu. Mkataba unasema siku 28, mingine 56. Mimi cheti changu kimoja cha malipo kilikaa miezi 11. Kumi na moja! Benki inataka rejesho kila tarehe 5. Nikaondoa mitambo saiti nikabakiza mlinzi. Na nikauza Canter yangu.

Kwa hiyo Mpangaji, huyo mlinzi anayedai miezi minne namuelewa, na tajiri yake namuelewa zaidi. Sisemi wizi haupo. Nasema pale unapoona mkandarasi amekimbia, mara nyingi amekimbia benki.

#15 Karani wa Bajeti

Na akicheleweshwa anaruhusiwa kudai riba. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinarudia jambo hili karibu kila mwaka: serikali inalipa riba kwa sababu tu ya kuchelewa kulipa vyeti. Riba haizibi shimo hata moja.

#16 Konda Mstaafu

@Mkandarasi Daraja la Saba pole kwa Canter. Ila nikuulize kitu kimoja, na usinijibu kama mkandarasi, nijibu kama mtu mzima. Kwenye hiyo zabuni ulishinda kwa bei ya chini kuliko wote, si ndio? Chini kiasi gani ya makadirio ya mhandisi?

#17 Mkandarasi Daraja la Saba

Asilimia 20 hivi. Ningefanyaje, nisingepata kazi.

#18 Konda Mstaafu

Basi. Hiyo 20 ilitoka kwenye kokoto.

#19 Mkandarasi Daraja la Saba

Ilitoka kwenye Canter.

#20 Fundi Sanifu

🤣 hapo sina la kuongeza

#21 Shangazi wa Liwale

Nyie mnalia kilomita mbili. Njooni kusini.

Mei 2024, kimbunga Hidaya, nilikuwa natoka Liwale naenda Dar na mgonjwa. Liwale mpaka Nangurukuru ni vumbi, siku hiyo lilikuwa tope, tukafika lami usiku tukashukuru Mungu tukadhani shida imeisha. Kufika Somanga basi likasimama. Dereva akazima injini akasema barabara haipo. Hakusema imeharibika, alisema haipo. Tukashuka na tochi za simu kwenda kutazama, lami imekatwa kama keki, mstari mweupe wa katikati unakwenda vizuri tu halafu unaishia hewani, chini maji meusi yanapita yakivuma. Kule Mikereng'ende nako pamekatika. Tulilala siku mbili. Chapati ya 300 ikawa 1,000 na aliyekuwa anauza hakuwa mkorofi, unga uliisha.

Sasa swali langu. Kipande cha Ndundu Somanga ni kilomita 60 tu na kilijengwa miaka na miaka, watoto wamezaliwa wakaenda shule kinajengwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba pale maji yanapita? Mzee yeyote wa pale angewaambia, wala hatozi posho.

#22 Fundi Sanifu

Shangazi shikamoo. Maji yanajulikana, tatizo ni kiasi. Daraja dogo au kalvati linasanifiwa kwa mafuriko yanayotegemewa kurudi baada ya miaka fulani, tuseme 25 au 50. Takwimu za mvua tunazotumia nyingi ni za zamani na vituo ni vichache. Ile 2023 mwishoni ilikuja El Niño, 2024 ikaja masika na kimbunga juu yake, ardhi ilikuwa imeshajaa maji kama sifongo. Hata kazi ya mtu mwaminifu ingeondoka.

#23 Shangazi wa Liwale

Marahaba mwanangu. Kwa hiyo mvua ndiyo mwizi?

#24 Fundi Sanifu

Sijasema hivyo shangazi.

#25 Kijana wa Ubungo

Jangwani nako mvua ni mwizi? Depo ya mwendokasi imejengwa kwenye bonde la Msimbazi, mto una jina, una ramani, na unafurika tangu babu zetu. Mabasi yameanza 2016 na kila masika tunasikia kituo kimefungwa. Hapo hakuna cha El Niño, hapo mtu alichagua.

#26 Karani wa Bajeti

Turudi kwa shangazi maana kagusa Liwale. Juni 2023 pale Dodoma zilisainiwa barabara saba kwa mpigo, jumla kilomita 2,035, kwa mtindo wa EPC+F, yaani mkandarasi anasanifu, ananunua, anajenga na anatafuta fedha mwenyewe, serikali inalipa baadaye. Masasi Nachingwea Liwale ilikuwa mojawapo. Nakumbuka watu humu walishangilia wakasema ndo dawa ya hadithi ya Mkandarasi Daraja la Saba, kwamba hakuna tena kusubiri Hazina.

#27 Shangazi wa Liwale

Niliiona kwenye TV, nikapiga vigelegele peke yangu sebuleni. Mwaka jana nilivyopita vumbi lilikuwa lile lile nalifahamu kwa jina.

#28 Mhasibu Mtata

Mimi tangu mwanzo niliipinga. Mkandarasi hana hela yake mfukoni, anakwenda benki ya kwao kukopa, benki inataka dhamana ya serikali. Kwa hiyo ni mkopo wa serikali uliovaa koti la mkandarasi. Na koti linalipiwa. Ukikopa mwenyewe unajua riba, ukikopewa na mjenzi riba inajificha kwenye bei ya kilomita.

#29 Mzalendo Pwani

Mnapenda kuponda tu. Daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya ziwa. SGR Dar Dodoma mnapanda wenyewe mnapiga selfie. Tanzanite, Kijazi pale Ubungo, Mfugale pale Tazara. Hizo hela zilitoka wapi kama kila kitu kinaibiwa? Nchi ina barabara kuu na za mikoa za TANROADS kilomita 36 elfu na ushee, TARURA kilomita 144 elfu, lami kwenye hizo za TARURA haifiki hata asilimia 5. Mnataka zote zimalizike kesho?

#30 Mhasibu Mtata

Hoja yako ndo inanisaidia mimi. Reli na daraja kubwa ni deni na ni fahari, tutazilipa miaka mingi, na sikatai zina kazi. Ila mkandarasi wa kilomita mbili hana balozi wa kumpigia simu Waziri. Hela ikiwa kidogo wa kwanza kulipwa ni mkubwa mwenye mkataba wa dola na riba kali. Mdogo anauza Canter.

#31 Mzalendo Pwani

Hujaleta ushahidi kwamba huyo mdogo alinyimwa kwa sababu ya huyo mkubwa.

#32 Mhasibu Mtata

Kweli sina. Ni mantiki tu.

#33 Mjumbe wa Nyumba Kumi

Mmesahau siasa. 2021 kila jimbo lilipewa milioni 500 za barabara. Kila jimbo, liwe la mjini lenye kilomita chache au la porini lenye ukubwa wa mkoa, kiasi kile kile. Mbunge akaenda kugawa, kata hii mita 300, kata ile mita 400, ili kila diwani apate cha kuonyesha. Ndo maana mnakuta lami imeanza katikati ya mtaa na imeishia kwa mama ntilie. Hiyo ya Mpangaji kilomita ya kwanza imeishia wapi?

#34 Mpangaji Mkongwe

😳 Imeishia kwa mama ntilie. Sitanii.

#35 Pilipili Kichaa

Mama ntilie ajiandae kuulizwa na CAG.

#36 Jirani wa Namanga

Sasa wabongo, hamjambo. Huku Kenya hatuko mbali na nyinyi. Road Maintenance Levy, tozo yetu ya barabara kwenye mafuta, ilitoka shilingi 18 ikapanda 25 kwa lita, Julai 2024. Halafu wakaichukua ile saba iliyoongezwa wakaiuza mbele, yaani wakakopa shilingi bilioni 175 wawalipe makontrakta waliokuwa wamesimamisha kazi, na deni linalipwa na hiyo saba ya kila lita kwa miaka ijayo. Makontrakta wakarudi site kweli, nimeona kwa macho. Lakini shimo la mwaka ujao litazibwa na pesa gani ikiwa pesa ya mwaka ujao tumeshakula? Hapo ndipo nimekwama.

#37 Mkandarasi Daraja la Saba

Sisi mtupe hata hiyo ya kuuzwa mbele. Mradi tulipwe.

#38 Konda Mstaafu

@Jirani wa Namanga na ile expressway yenu ya Nairobi kilomita 27 ya kulipia, nasikia ukikosa hela unaitazama ukiwa chini kama ndege?

#39 Jirani wa Namanga

Tunaipunga mkono tu bro. Na nyinyi Kigamboni daraja lilianza kwa kulipiwa, msitucheke.

#40 Mkimbizi wa Kimara

Nimeona mnataja barabara nyingi za fahari, sikuona mtu akitaja nyumba. Ile njia nane Kimara Kibaha, kilomita 19.2, mnaipita mkiwa kwenye AC. Nyumba ya mama yangu ilikuwa upande wa kushoto ukitoka mjini. 2017 ikawekwa X nyekundu, hifadhi ya barabara mita 121, ikabomolewa bila fidia. Kibali cha ujenzi tulikuwa nacho, umeme wa serikali, maji ya serikali, kodi ya majengo tumelipa. Barabara nzuri, nakiri, na mimi napita. Ila nikifika pale huwa natazama upande wa pili.

#41 Karani wa Bajeti

Pole sana ndugu. Kwa faida ya wengine: Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mikoa, zamani ilikuwa 22.5. Morogoro Road kipande kile kilikuwa na upana wa pekee wa tangu enzi za mkoloni.

#42 Mpangaji Mkongwe

Wakuu nimerudi na mrejesho. @Fundi Sanifu nimefanya ulichosema. Leo asubuhi nimebandua kipande kingine. Chini ni tope, sio vumbi. Tope kabisa, linanuka. Nikafuata mtaro nione maji yanatoka wapi. Mtaro unakuja vizuri, mawe yamepangwa, unafika nusu ya njia halafu unagonga ukuta. Ukuta wa mtu! Maji yanasimama pale, yanarudi chini ya barabara. Zile kalvati mbili zilizokaa juu nadhani zilitakiwa zipite hapo hapo.

Shida ni kwamba ukuta wenyewe ni wa mwenye nyumba wangu.

#43 Pilipili Kichaa

🍿🍿🍿

#44 Fundi Sanifu

Ndo hivyo mkuu. Mtaro usio na pa kutokea ni bwawa refu. Maji yakikaa chini ya msingi hata uweke lami ya sentimita 10 itaondoka. Lakini mhandisi mshauri alitakiwa aone huo ukuta kabla kokoto haijamwagwa. Nani aliruhusu lami ianze kabla mtaro haujatoboka?

#45 Mjumbe wa Nyumba Kumi

Aliyetaka kupiga picha kabla ya ziara.

#46 Mzawa 1974

Nimesoma uzi huu tangu Jumapili. Huo ukuta ulikuwepo kabla ya barabara, bikoni zangu zipo na hati ninayo. Walikuja watu wa tathmini na kamba, wakapima, wakanipiga picha nimesimama mbele ya ukuta nimeshika kibao chenye namba kama mfungwa, nikasaini fomu. Ikaambiwa fidia ndani ya miezi sita, ikizidi kuna riba. Sijaona shilingi. Siku nikilipwa ukuta nauvunja mwenyewe kwa nyundo yangu, sitaki hata greda. Kabla ya hapo nendeni mkachimbe mtaro hewani.

Na wewe Mpangaji, bodaboda yenye kibandiko cha Simba naijua.

#47 Mpangaji Mkongwe

Shikamoo baba.

#48 Mzawa 1974

Marahaba. Kodi ni tarehe 30.

#49 Konda Mstaafu

Nimecheka mpaka chai imenipalia 😂😂 ila mzee ana hoja. Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nimeona mtu ambaye hajaiba. Labda.

#50 Mkimbizi wa Kimara

Mzee usivunje. Usivunje kabisa mpaka uione kwenye akaunti.

#51 Dereva wa Semi

Kwa hiyo barabara imesimama kwa sababu ya ukuta, ukuta umesimama kwa sababu ya fidia, fidia imesimama kwa sababu ya Hazina, na mimi nilishaanza kujilaumu na tela langu.

#52 Fundi Sanifu

Hapana, tipa la mchanga bado limo. Tope na uzito ni mtu na mdogo wake.

#53 Mzalendo Pwani

Na takataka? Pita mitaro yote ya mjini, imejaa chupa na pampasi. Huo nao ni ukuta.

#54 Kijana wa Ubungo

Swali la mleta uzi bado halijajibiwa lakini. Wa kuulizwa ni nani? CAG si yupo? Kwanini asiwakamate tu hawa watu?

#55 Karani wa Bajeti

CAG hana pingu. Ibara ya 143 inampa kazi ya kukagua na kutoa ripoti, inakwenda kwa Rais, kisha bungeni, kamati ya PAC ya hesabu za serikali na ile ya LAAC ya halmashauri zinawaita watu kuwahoji. Kukamata ni TAKUKURU na polisi, kushtaki ni DPP, mkurugenzi wa mashtaka. Na CAG anakagua kwa sampuli, kilomita mbili za Mpangaji zinaweza zisiguswe miaka kumi.

Ila kuna njia watu hawaitumii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mwananchi unaandika barua kwa mwenye taarifa, unaomba mkataba ulisema nini, vyeti vingapi vimelipwa, fidia imekwama wapi. Wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Andika nakala mbili, moja wakugongee muhuri ubaki nayo. Bila muhuri hujaandika.

#56 Mkandarasi Daraja la Saba

Na uombe kuona kama kipindi cha matazamio kimeanza. Kama walikabidhi ile kilomita ya kwanza, kuna mwaka mmoja wa matazamio na kuna fedha ya mkandarasi imezuiliwa kwa ajili ya kasoro. Kama haijakabidhiwa basi ile lami iliyobanduka bado ni mali yake, airudie kwa gharama yake. Hilo ndo swali linalowatoa jasho, mimi najua kwa sababu limenitoa jasho.

#57 Konda Mstaafu

Leo mkandarasi kageuka. Mungu mkubwa.

#58 Mpangaji Mkongwe

Wakuu asanteni. Nimeandika barua jana usiku, nimemsomea baba mwenye nyumba akaongeza aya yake ya fidia, tumesaini wote wawili. Leo saa tatu nimeipeleka kwenye ofisi inayohusika. Dada wa masjala kaisoma yote akiwa amesimama, kaniuliza "hii ni ya nani kaandika?", nikasema mimi. Kaenda ndani dakika kama ishirini, karudi, kagonga muhuri, tarehe inasomeka. Nimeipiga picha.

Nje nikakutana na yule mlinzi wa mkandarasi naye amekuja kuulizia mshahara.

#59 Pilipili Kichaa

Ungemsainisha na yeye.

#60 Shangazi wa Liwale

Hongera mwanangu. Hizo siku 30 ni za kazi au na Jumapili imo?

#61 Karani wa Bajeti

Nijuavyo mimi sheria imesema siku 30 tu.

#62 Shangazi wa Liwale

Basi Jumapili imo. Naanza kuhesabu leo.

#63 Mzawa 1974

Leo usihesabu, imeshapita saa sita. Anza kesho.